Dari Iliyokamatwa na Mtani

Dari ya chumba cha mama, katika nyumba yetu ya zamani mjini Tabora, ina unene wa mkono wangu kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Boriti za mninga zimelazwa ukuta hadi ukuta. Juu ya boriti zimepangwa fito. Juu ya fito umeshindiliwa udongo wa kichuguu, na kwa chini, kati ya boriti na boriti, imepigwa lipu ya chokaa. Babu, baba yake mama, ndiye aliyeijenga. Mabati yalikuja baadaye, yakaezekwa juu yake na kuacha nafasi ambayo mtu anaweza kuipita kwa kutambaa. Mwezi wa Oktoba, mji unapochemka na hata waendesha bodaboda wanapokimbilia vivuli, chumba hicho hubaki baridi kama mtungi.

Kasoro yake ilikuwa taa. Dari ni ya chini, na balbu iliyoning'inia kwenye waya iligonga kila paji la uso lililopita, kisha ikayumba na kuyachoma macho ya mama, ambayo tayari yana ukungu wa uzee. Kaka yangu mkubwa, kifungua mimba wetu, akaleta zawadi njema: taa za kuzamishwa ndani ya dari, bapa kama visahani, kila moja ikiwa na springi mbili ubavuni.

Fundi wa kwanza alizifunga kama anavyozifunga kila siku kwenye dari za jipsamu. Alitoboa tundu linaloienea taa, akaisukuma juu, akaondoka. Lakini springi hizo zimetengenezwa zikunjuke juu ya ubao mwembamba na kuushika kwa nyuma. Ndani ya udongo mnene hazikupata pa kukunjukia; zilibaki zimebanwa ndani ya tundu, zikikwangua kuta zake. Asubuhi iliyofuata mama alikuwa akipepeta mchele, taa ikamdondokea ndani ya ungo pamoja na kifusi chake.

Kaka alikuja, akautazama ungo, kisha dari.

"Taa hazina kosa," akasema. "Kosa ni la dari. Jumamosi naleta watu, tunaishusha yote, tunaweka jipsamu. Mama apate nyumba ya kisasa kama yangu ya Ipuli."

"Ile ya Ipuli niliyolala nikaamka kama nguo iliyotoka kufuliwa?" mama akauliza.

"Tutakuwekea feni, mama."

"Mimi sijaomba upepo. Nimeomba mwanga."

Kaka akacheka na kuondoka. Kwetu mdogo hamwambii kifungua mimba hapana usoni pake. Mimi niliyewafundisha vijana Kilatini kwa miaka mingi, nikiwazuia wasimlazimishe mwandishi wa kale kusema yaliyo rahisi kwao kutafsiri, nilisema tu, "Tutaona, kaka." Lakini moyoni nilikwisha kukataa. Dari iliyowahifadhi watu wa vizazi vitatu haikuwa na wajibu wa kujikondesha ili ipatane na springi iliyonunuliwa juzi. Taa ndiyo mgeni. Mgeni ndiye anayejifunza desturi za nyumba.

Nikamwita fundi mwingine, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya umeme akaoa hapa hapa. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani humwambia mtani wake lolote na hakuna kesi. Tena mtani akikamata mali yako, huigusi mpaka uikomboe kwa analolitaka yeye.

Alipanda ngazi, akaingiza mkono katika lile tundu, akashangaa.

"Mwalimu, hii dari au ngome? Ninyi mliobeba mizigo mpaka kwetu, kumbe mingine mliificha juu huku!"

"Na ninyi mliokaa mnacheza ngoma mkiingoja," nikamjibu, "leo fanyeni kazi."

Tulishauriana. Tukakubaliana kwamba kama springi zinataka ubao mwembamba, tuzipe ubao mwembamba, bila kuondoa dari. Kati ya boriti mbili tukachimba kishimo kipana kuliko taa, tukipanda taratibu kwa patasi ili udongo usipasuke. Ndani ya kishimo fundi akafunga kipande cha ubao wa mninga, kikashikwa kwa skrubu kwenye boriti zote mbili, usawa mmoja na lipu. Katikati ya ubao akatoboa tundu la taa. Juu ya ubao ikabaki nafasi tupu ya springi kukunjuka na joto la taa kupumua, na waya ukashuka kutoka chini ya mabati ndani ya bomba lake. Kisha nikaupaka ubao chokaa kwa chini mpaka usionekane. Tukarudia hivyo kwa kila taa; kazi ilikuwa ya polepole na vumbi lilikuwa jingi. Mama alihamia barazani, hakulalamika.

Jumamosi mchana kaka alifika na wanaume wawili wenye mitaimbo. Tulikuwa tumebakiza taa moja. Mtani hakushuka ngazini. Aliishika boriti kwa mkono.

"Shikamoo, kaka mkubwa. Dari hii nimeikamata."

"Umeikamata kwa sheria ipi?"

"Kwa utani. Mnyamwezi gani wewe huijui? Ikomboe ndipo uibomoe."

Wale wanaume wakaiegemeza mitaimbo yao ukutani, mmoja akicheka wazi. Kaka alinitazama, sikuyashusha macho.

"Unataka nini?" akamwuliza mtani.

"Lala kwenye mkeka wa mama mpaka adhana ya alasiri. Kisha useme kwa kinywa chako kwamba humu ndani mna joto."

Kaka alivua viatu, akalala, akaanza kutueleza uzuri wa jipsamu. Nje jua lilikuwa likiyapasua mabati ya majirani. Maneno yake yakaanza kuachana, likaja moja, baadaye jingine, kisha akabaki akitazama juu. Mtani alimaliza taa ya mwisho, tukaziwasha zote, na mama akarudi kutoka barazani, akaletewa ungo wake akaanza kuchambua mchele chini ya mwanga.

Adhana ikaja.

"Haya, sema," mtani akamhimiza.

Kaka alikuwa bado amelala chali, jasho limemkauka shingoni. Hakuwahi kumdanganya mama, na hakuanza siku ile. Akainua kidole.

"Ile taa ya pembeni imekaa upande."

Ilikuwa kweli. Nikaenda nikasimama chini yake.

"Boriti ndiyo iliyopinda, kaka. Babu aliiweka hivyo, na taa imeifuata. Haitanyooshwa, wala dari haitashushwa."

Akainuka akakaa. "Na wewe umeanza kunikatalia?"

"Nimeanza."

Aliwaambia wale wanaume waiondoe mitaimbo, kisha akajinyoosha tena kwenye mkeka. Dari haijakombolewa hadi leo. Kwa desturi zetu bado i mkononi mwa Mzaramo.

"Basi zimeni hizo taa," mama akasema. "Mwenzenu anataka kulala."