Aliyemwinua Mzee Furushi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwongozaji aliniketisha mbele ya mashine mbili za kanda. "Kijana, hii inasoma, ile inaandika. Katikati ni wewe. Ukikosea, watu watacheka pasipochekesha." Ndivyo nilivyoanza uhariri wa picha, Dar es Salaam, miaka ya tisini, televisheni ikiwa bado ngeni.

Kipindi chetu cha vichekesho kilitamba kwa Mzee Furushi, mshamba wa bara mwenye mzigo kichwani. Kila wiki aliingia ofisi fulani, akajikwaa, mzigo ukapasuka, nami nikapachika kicheko kilichorekodiwa. Dakika tano, basi. Mimi mzaliwa wa Mpanda niliisikia humo lafudhi ya baba yangu. Nikapachika kicheko hivyo hivyo.

Kisha mtayarishaji, mwenye fedha zake, akataka filamu ya saa moja na nusu. Sasa, mtu wa dakika tano anaweza kuishi kwa kujikwaa tu. Wa saa moja na nusu lazima awe na kwao, na majirani. Tukaja kupiga picha Kasekese, kijiji cha huku kwetu Mpanda, wanakijiji wakiwa waigizaji.

Kule hakuna aliyewahi kumwona Mzee Furushi. Alipoanguka gulioni na mahindi kumwagika, watu waliopangwa kucheka walimkimbilia. Wa kwanza alikuwa Mama Kabula, muuza dagaa kutoka Kapalamsenga, kule ziwani.

"Pole, baba! Umeumia? Nyie mnatazama nini? Okoteni mahindi ya mzee!"

"Kata!" mwongozaji akafoka. "Mama, hapo unacheka!"

"Nicheke mzee ameanguka? Kwenu ndivyo mnavyofanya?"

Tulirudia na kurudia. Kila mara alimwinua. Hata mwigizaji wa Mzee Furushi, ambaye miaka yote hakuna aliyewahi kumwinua, alisahau maneno yake.

Tuliporudi Dar es Salaam nilimwambia mtayarishaji kuwa hapo mzee anapoinuliwa ndipo filamu ilipo. Akanijibu, "Watu wanalipa wacheke. Ondoa."

Nilikuwa na picha ya Mama Kabula akicheka kwa meno yote, siku kiatu cha mpiga picha wetu kilipozama kwenye matope. Nikaiweka mara baada ya mzee kuanguka. Picha mbili zikikaa jirani, mtazamaji huamini ya pili inaijibu ya kwanza. Huo ndio ufundi wetu, na ndio uchafu wetu.

Kanda niliileta mwenyewe kwenye banda la video, Kashaulili, mjini Mpanda. Mama Kabula alikuja na majirani zake, amevaa kitenge kipya. Mzee akaanguka, meno ya mama yakajaa kiooni. Banda zima likageuka kumtazama.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilimwinua."

"Najua, mama."

"Basi waambie."

Nikasema, "Ni mambo ya filamu tu, mama."

Akajifunga kitenge, akatoka.

Nimestaafu, nimerudi Mpanda. Vijana wa kazi hii huniambia eti enzi zile ndivyo ilivyokuwa. Upuuzi! Watu wazima walikaa ofisini wakaamua kwamba watu wa bara ni wa kuanguka na kuchekana. Amri ilikuwa ya mtayarishaji. Kidole kilichobonyeza ni changu.

Mama Kabula alishafariki. Wajukuu zake hutaniwa gulioni hadi leo: "Bibi yenu alimcheka mzee." Sasa nasimama, nasema kwa sauti, "Alimwinua! Nilikuwepo!"

Nao wanaowatania hunijibu kwa upole, "Mzee, sisi tuliona kwa macho yetu."