Kiti cha Uvivu cha Mzee Abdulatifu

Mzee Abdulatifu alikuwa na miguu mibaya. Vifundo vilikuwa vimevimba, na jioni ukimwona anarudi Mitwero kutoka mjini Lindi ungedhani amebeba gunia, kumbe hana kitu ila kibunda cha nguo zake za kazi. Alikuwa boi wa mezani kwa bwana mmoja wa forodha, na kazi ya boi wa mezani ni kusimama. Wazungu wakila, amesimama. Wakinywa, amesimama. Wakinyamaza tu, naye amesimama vilevile. Bwana mmoja akihama, bwana mwingine anamrithi pamoja na sahani. Alianza kazi ile kidevu hakijaota ndevu, na ndevu zikaota, zikawa nyeupe, bado amesimama.

Mimi Sada namjua kwa sababu nyumba yetu na yake zilipakana, ua kwa ua. Mkewe, Bi Biasha, ndiye aliyenifundisha kupika nilipoolewa, kwa hiyo haya ninayoyaeleza mengine niliyaona na mengine alinipa mwenyewe tukimenya mihogo. Ukiona nampendelea, basi ni kweli, nampendelea.

Nyumba ya bwana wa forodha ilikuwa na baraza pana lililoelekea bahari, na memsabu alilipamba kwa vitu vya pwani: kuta za chokaa iliyotiwa buluu kidogo, mikeka ya ukindu, makome yamepangwa ukingoni, wavu umetundikwa, na viti vya uvivu vya turubali. Bwana akitoka ofisini alijitupa kitini, akanyoosha miguu, akatazama maji, na baada ya muda uso wake ukalegea. Mzee Abdulatifu aliuona uso ule ukilegea kila siku, yeye yuko nyuma ya kiti na sinia mkononi. Akatia nia kwamba siku moja naye atakaa vile. Hakutaka mali wala cheo. Alitaka kukaa.

Wazungu wa ule mradi wa mashamba ya karanga walipoanza kufungasha, bwana wake naye akahamishwa, na safari hii hakuja wa kumrithi. Memsabu akamwachia kiti kimoja. Mzee alikibeba kichwani mpaka Mitwero, na Bi Biasha anasema hajapata kumwona akitabasamu vile, hata siku alipozaliwa mtoto wao Kudra.

Sasa, nyumba zetu zinatazama njia. Bahari iko nyuma, na nyuma ndiko uani. Uani ni kwa wanawake. Ndiko kuliko na jiko na mtungi wa maji, na ua wa makuti unapazunguka, kwa hiyo mwanamke anaacha kichwa wazi, anajifunga kanga moja kifuani, anasukwa nywele, anamsengenya mumewe akitaka. Mwanamume mgeni hakanyagi. Mzee Abdulatifu akasimama pale uani, akautazama ule ua, akaona ndio unaomzibia bahari. Akaubomoa.

Mpaka leo jambo lile linanikera. Mtu amezaliwa Kilwa Kivinje, kwenye watu wanaojua nyumba ni nini, halafu anabomoa uani kwa mikono yake. Nadhani miaka yote ile alijifunza raha akiwa nyuma ya kiti cha mtu mwingine, na nyumba ya mzungu haina uani. Bi Biasha alimwuliza yeye atapikia wapi. Akaambiwa kile chumba cha kuni kinatosha kwa sasa. Hakubishana. Alikuwa ameikanda miguu ile kwa maji ya chumvi miaka mingi, na alitaka ipumzike kweli.

Basi mzee akaanza kupamba. Aliezeka kibaraza, akapaka ukuta chokaa, lakini buluu ya kufulia ikamzidi mkono, ukuta ukatoka samawati kabisa. Makome aliyaokota ufukweni na wadudu wake ndani, hakuyachemsha, na mtaa mzima tuliyanusa. Akaomba wavu mbovu kwa Huseni mvuvi, akautundika. Mkewe akatoa mkeka wake mzuri, ule wa Kudra kuolewa, ukatandikwa chini. Kisha kiti kikawekwa katikati, mzee akakaa, akalala usingizi mpaka adhana ya alasiri. Nilimchungulia kwenye makuti yetu. Alikuwa amelegea uso, na sikuweza kumkasirikia siku ile.

Ila baraza lililo wazi, lenye chokaa mpya na mkeka, kwetu halihitaji mwaliko. Njia ya ufukweni ilipita palepale. Wa kwanza alikuwa Huseni. Alivua viatu, akaketi, akauona wavu wake ukutani na matundu yake, akauhurumia. Akatoa sindano ya kushonea nyavu na akaanza kuuziba bila kuuliza. Kesho yake akaja na mwenzake. Kisha Nikodemo, Mmwera wa Milola aliyekuwa akileta mtama mjini, naye akaona ni mahali pazuri pa kupumzisha mgongo. Walimheshimu mzee kwa miguu yake, kiti hawakukigusa. Wao walikaa mkekani, na mgeni akishakaa mkekani lazima anywe kahawa.

Kahawa ile ilipikwa katika chumba cha kuni, hakina dirisha. Bi Biasha alikuwa akikohoa mpaka sisi tunamsikia. Alijitanda kanga kutwa nzima nyumbani kwake, jua la Lindi na moshi juu, kwa sababu mlango ukifunguka tu kuna wanaume. Nywele akawa anakuja kusukwa kwetu. Kufua alingoja waondoke, na hawakuwa na haraka. Alikonda shingo. Nilimwambia amwambie mumewe, na kama hawezi nitamwambia mimi.

“Mwache, Sada mwanangu,” akasema. “Uvimbe umepungua.”

Ilikuwa kweli, ulikuwa umepungua. Mzee alikuwa anatembea vizuri, hata rangi yake ilirudi. Jambo pekee alilolitaka duniani alikuwa amelipata, na mwenye kumnyang'anya angekuwa nani? Nikanyamaza, nikawa namsusa tu kwa salamu fupi.

Alasiri moja walikuwa wamekaa wanazungumza habari za nguru, na mimi niko upande wangu nachambua mchele. Mzee akageuza kichwa aombe kahawa. Bi Biasha alikuwa tayari yuko pale, nyuma ya kiti, ameshika sinia usawa wa tumbo. Alikuwa anahamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda mguu ule, taratibu, ili vikombe visigongane. Mzee akamtazama miguuni. Vifundo vyake vilikuwa vimevimba.

“Nani kakufundisha kusimama hivyo?” akauliza.

“Kusimama nako kunafundishwa, Baba Kudra?”

Mzee aliinuka, akawaambia wageni kahawa imekwisha. Kwetu maneno hayo hayasemwi, na vikombe vilikuwa palepale vinafuka moshi. Wakatazamana, wakavaa viatu, wakaaga kwa adabu. Huseni aliondoka na wavu wake, maana ulikuwa umepona.

Kesho yake mzee akaenda kutafuta makuti. Huseni, ambaye hakuweka kinyongo, alikuja kumsaidia kusimamisha ua, na ilipofika adhuhuri bahari ilikuwa haionekani tena. Makome yakatupwa. Mkeka ukarudi kashani. Kiti kikabaki uani, kimeelekea yale makuti, na mzee akamwambia mkewe akae.

Bi Biasha alikizunguka kwanza. Alikuwa hajapata kukikalia. Kisha akakigeuza, kikaupa ua kisogo, kikatazama mlango wa ndani. Mzee akamweleza kwamba akikiweka vile hata sauti ya maji hataisikia vizuri.

“Maji nimeyasikia tangu nizaliwe,” akasema. “Nataka kumwona mtu anakuja kuniletea kahawa.”

Akakaa, akashusha kanga kichwani, akanyoosha miguu. Mzee akaingia ndani. Moto ulimsumbua, nilimsikia akikohoa kwenye kile chumba cha kuni, na ilichukua muda mrefu kabla hajatoka na sinia. Alipotoka, mkewe alikuwa amekwisha lala, mdomo wazi, uso umelegea.

Boi wa mezani hamwamshi aliyelala, na hatui sinia mpaka aambiwe. Mzee Abdulatifu akasimama kando ya kiti. Nilimwambia kwa sauti ya chini, juu ya ua, aweke sinia chini basi akae kizingitini, miguu itamuuma. Akanitikisia kichwa ninyamaze. Kahawa ikapoa mkononi mwake, naye amesimama, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, vikombe havilii.