Panya ndani ya mpira wa Zebedayo

Jamani wenzangu, nimenawa mikono kwa majivu na harufu bado haitoki!

Mnamjua Zebedayo wangu, mtoto mzuri kuliko wote Kasulu nzima. Alikuwa hajaanza kutambaa tu. Basi wifi yangu Merisiana kila siku: "Huyo wako umempanda kama mgomba?"

Nikamshonea mpira laini wa vipande vya kitenge, ndani pamba kuukuu na maharage machache ili ulie ukitikiswa. Mikono yangu si mnaijua! Jioni nauweka kwenye kapu la mbegu.

Leo wifi kaja. Nikauweka mpira mkekani, mbali kidogo na mtoto.

Ukatikisika wenyewe!

Zebedayo akakodoa macho, akapiga magoti, huyoo, akaufuata! Nikapiga vigelegele, nikaunyakua nimwonyeshe wifi ushonaji wangu.

Mshono ukaachia, kumbe ulishatafunwa! Panya akanirukia kifuani, na vitoto vyake vyekundu, havina hata manyoya, vimelowa mkojo, vikanimwagikia kiganjani.

Uuwi! Nilitapika palepale.

Wifi kaziba pua: "Mama Zebe, kumbe unafuga!"

Zebedayo alishafika mlangoni kwa magoti, anamfukuza yule panya.

Haya, semeni: nani mwingine mwanawe ameanza kutambaa kwa kuwinda?