Mama Alipoketi Juu ya Herufi

Juzi muuza karanga wa stesheni ya Same alinifungia karanga kwa ukurasa wa gazeti. Tulikuwa bado tunavutana bei, lakini harufu ya wino ilinirudisha kwenye chumba chetu kando ya reli, kilichonuka mafuta ya taa, ambamo baba alichapa gazeti lake dogo.

Alikuwa ameandika kwamba manyapara wa reli iliyokuwa ikiendelezwa hadi Arusha waliwapiga vibarua na kula mishahara yao. Mchana mmoja manyapara wawili walikuja kumjibu. Mmoja aliivunja mashine ya kuchapia kwa nyundo. Mwenzake alimcharaza baba kiboko mpaka shati likaganda damu mgongoni.

"Herufi ziko wapi?" akauliza.

Mama alikuwa ameketi juu ya sanduku la herufi za kuchapia, kanga ameitandaza hadi sakafuni. Akapiga yowe.

"Uchungu! Tokeni! Au mtanizalisha ninyi?"

Wakarudi nyuma. Mmoja alimpiga baba teke la mdomo, la kuagia, wakaenda zao.

Nami nikaanza kumngoja mdogo wangu. Tumbo la mama lilikuwa bapa, lakini sikubishana.

Jioni baba na mama walipanga herufi mezani, wakazipaka wino, wakakandamiza karatasi kwa chupa.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

Baba alicheka. Nikahesabu meno yake mara mbili, mawili hayakuwepo. Akanipa ukurasa mbichi, majina ya wale manyapara yakiwa juu kabisa.

"Huyu hapa. Mshike taratibu, hajakauka."

Kesho yake nilimuuza stesheni, na sikumpunguzia mtu bei.