Aliyekaa Kiti Changu Njia ya Manyovu

Kwanza niseme hili ili tusisumbuane: mimi sinywi pombe. Si ya ndizi, si ya chupa. Nasema hivyo kwa sababu kila nikisimulia habari hii hakosekani mtu wa kumkonyeza mwenzake na kuuliza, "Mwalimu, siku hiyo ulikuwa umepiga ngapi?" Sikupiga hata moja. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, na mashahidi wangu wawili walikuwa na akili zao timamu. Anayetaka kucheka acheke, ila asinikatize.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibondo, mgeni wa kuletwa na serikali, maana kwetu ni Lushoto. Mke wangu Yunisi naye ni wa huko. Mwaka mmoja kabla, tulikuwa tumempoteza mtoto wetu wa pekee, Neema, kwa surua. Siku aliyofariki mimi nilikuwa Kigoma kwenye semina, na hata baada ya kupata habari nilikawia siku tatu kurudi. Nilikuta ameshazikwa. Sikusema neno juu ya siku zile tatu, na Yunisi hakuuliza. Aliacha tu kuniita Baba Neema. Akawa ananiita Mwalimu, kama wanavyoniita wanafunzi.

Basi nikaona nimtoe kidogo. Nikampangia safari ya siku nne kwenda milima ya Manyovu, kwenye baridi na mabonde yanayofanana na ya kwetu. Na msidhani kupanga safari miaka ile ulikuwa mchezo! Petroli ilitafutwa kama dawa. Niliandika barua tatu kwenye nyumba moja ya wageni kule juu ndipo nikajibiwa kwamba chumba kipo. Nilimbembeleza mfanyabiashara mmoja mpaka akaniazima Landrova yake pamoja na dereva, kijana wa Kiha kutoka Murungu aitwaye Gervas. Nikachora ramani kwa mkono wangu: siku ya kwanza Kibondo hadi Kasulu, ya pili kupanda Manyovu, ya tatu kukaa barazani na kutazama milima ya Burundi, ya nne kurudi. Hata mahali pa kusimama tule kuku nilipatia alama. Nayataja haya makusudi, mjue safari ile ilikuwa ya nani.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulilala Kasulu, asubuhi tukaanza kupanda. Yunisi alikaa katikati, mimi dirishani. Hakuwa akiongea sana, lakini kila tulipopinda kona na bonde likafunguka chini yetu, nilimwona akinyoosha shingo. Nikajiambia, subiri tufike juu. Tukifika juu nitamwambia.

Kama saa nane mchana ukungu ukashuka. Si ule wa kupita. Ulikuja mzito kama moshi wa majani mabichi, hata pua ya gari hatukuiona. Tukafika kwenye daraja la magogo.

"Mwalimu," Gervas akasema, "shuka unitazamie magogo kama ni mazima."

Nikashuka. Nikavuka polepole, nikipima gogo moja moja kwa mguu. Yalikuwa mazima. Nikasimama ng'ambo, pembeni mwa njia, nikapaza sauti: "Njoo!"

Ndipo nikasikia mlango wa gari ukifungwa, pah! Mlango wa upande wangu. Nikashangaa, nani kaufunga, na mimi niko huku? Landrova ikavuka, ikanipita karibu kiasi kwamba ningeweza kuigusa. Na pale dirishani, kwenye kiti changu, alikuwa amekaa mtu. Amevaa koti langu, koti lile lile lililokuwa mwilini mwangu. Ana uso wangu. Akanitazama, akaninyanyulia mkono kama unavyomsalimu mpita njia usiyemjua. Kisha ukungu ukawameza.

Nilikimbia. Niliita mpaka koo likauma. Niambie, wewe ungefanya nini? Ungebaki hapo kumsifu Mungu? Nilikuwa na hasira kuliko hofu, na hilo sioni haya kulikiri. Mwizi wa kuku hukimbizwa. Huyu alikuwa ameniibia nafsi yangu, na mke wangu juu yake!

Nilitembea zaidi ya saa mbili bila kuona mtu. Mwaka ule watu wengi walikuwa wamehamishiwa vijiji vya pamoja, maboma yao yakabaki na migomba tu. Hatimaye nikamkuta mama mmoja mzee, amerudi kuchimba mihogo kwenye shamba lake la zamani. Nikampigia makofi ya salamu kwa Kiha changu cha kuungaunga. Akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe umeshapita," akasema. "Umenisalimia kutoka kwenye gari. Kiha chako kilikuwa kizuri kuliko hiki."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini nikamweleza. Akaendelea kukung'uta udongo kwenye mihogo yake.

"Basi kaza mwendo," akasema. "Asilale huko. Akilala kitandani mwako, atakayebaki njiani ni wewe."

Sikumuuliza yeye kayajuaje hayo. Nilikimbia tena.

Nilifika kwenye ile nyumba ya wageni jua linazama, nimeloa, tope mpaka magotini. Mtunza nyumba alikuwa mlangoni akifuta kioo cha taa. Akaniambia kwa upole kwamba nafasi hakuna, mwalimu wa Kibondo na mkewe wameshaingia.

"Mwalimu wa Kibondo ni mimi!"

"Bwana, ameshasaini," akasema, akanifungulia kitabu cha wageni. Na kweli, jina langu lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu, hata ule mkia ninaouvuta chini ya herufi ya mwisho. Miezi mitatu ya barua, halafu naambiwa nimeshasaini!

Yunisi akasikia kelele, akatoka. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini uso ulikuwa mwepesi. Sikuwa nimeuona uso ule kwa mwaka mzima.

"Baba Neema," akasema, "umetokaje nje? Si umeingia kulala sasa hivi?"

Halafu akayaona matope. Kikombe alichokuwa amekishika kikamdondoka.

Sikungoja. Niliingia chumbani. Alikuwa kitandani, amejifunika blanketi hadi kifuani, viatu amevipanga chini vizuri kama ninavyovipanga mimi. Nikamkemea, "Toka kitandani mwangu!" Akageuka. Mashavu yake yalikuwa na machozi. Na aliniangalia kwa jicho gani, mnadhani? Kwa huruma. Wallahi, kwa huruma! Mwizi ananionea huruma mimi mwenye mali!

Gervas na mtunza nyumba wakaingia na taa, na palepale kitanda kikawa kitupu. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo la ndani. Viatu havikuwepo. Lakini godoro lilikuwa limebonyea, blanketi lina joto, na mto umeloa. Wote wawili waliugusa. Gervas alijifuta mkono kwenye suruali mara nyingi, halafu akaenda kukaa ndani ya gari, akajifungia.

Nikamuuliza Yunisi, yule mtu alikwambia nini njiani? Nilipombana sana, akasema.

"Alinishika mkono. Akasema, nisamehe. Akasema siku tatu zile ulikaa stendi ya Kigoma ukiyaacha magari yapite, kwa sababu uliogopa kuliona kaburi dogo. Akalia mpaka Gervas akasimamisha gari."

Nyie! Hayo sikuwahi kumwambia binadamu. Wala padri. Nilikuwa nayo mdomoni mwaka mzima, nikiyapangia mahali na saa ya kuyasema.

"Hayo ni maneno yangu!" nikapiga kelele. "Ni yangu! Ameyaiba!"

Yunisi akaniangalia. "Mbona hukuyasema?"

Tuliondoka alfajiri bila kuiona ile siku ya tatu. Ukungu haukuinuka. Mpaka leo sijaiona milima ile ya Burundi, na kuku wangu, nasikia, alimla yeye na kumsifia mpishi. Gervas hakukubali tena kupita njia ile, hata kwa kutishiwa kufukuzwa kazi.

Sisi tulirudi Lushoto baadaye, tukajaliwa watoto wengine wawili. Nimemwomba Yunisi msamaha mara ngapi sijui. Kila nikianza, ananisikiliza kwa adabu, kisha anasema, "Nimeshasikia." Na huku kwetu, mnajua, ukungu ni wa kila siku. Nikirudi nyumbani jioni wakati umetanda, huniangalia usoni kwa muda kabla ya kunipisha mlangoni. Anasema anahakikisha kwamba ni mimi. Mimi naona kingine machoni mwake. Mtu anayetumaini na mtu anayeogopa hawafanani, na nimekaa na mke wangu miaka ya kutosha kuwajua.

Kwa hiyo wewe unayesafiri milimani, sikia. Dereva akikwambia ushuke kwenye ukungu, shuka mkiwa wawili. Na kabla hujashuka, kama kuna neno unalomwekea uliyekaa naye, liseme palepale, hata kama limekaa vibaya, hata kama dereva anasikia. Usilipangie mahali. Kuna wanaolisikia likikungoja mdomoni, na hao hawachelewi.