Doto Hakuniita

Usiku ule wa kuamkia upasuaji, mama alikataa kulala chumbani kwake. Alitandika mkeka kando ya kitanda changu, akajifunika khanga, akaniambia kama anayemwagiza mtoto dukani: "Kulwa, ukimwona mwenzio, usiitike."

Mwenzio ni Doto, pacha wangu. Mimi nilitoka kwanza, ndiyo maana naitwa Kulwa. Yeye akafuata, akaitwa Doto, kama walivyo mapacha wengi wa kwetu Shinyanga. Alitutoka mwaka jana kwa ugonjwa wa moyo, na tangu mazishi majirani wakawa wananitazama kwa jicho la huruma. Wazee wetu husema pacha aliyetangulia humwita mwenzake, na mwenzake akiitika, basi naye kaenda.

Mimi ni mnasihi wa hospitali. Kazi yangu ni kukaa na wagonjwa wanaoogopa kisu, niwatulize. Chuoni nilifundishwa kwamba marehemu anayekuja ndotoni ni kipande cha nafsi yako mwenyewe, kimevaa sura ya mtu unayemlilia. Padri wetu naye husema Mungu ana mazoea ya tangu kale ya kuzungumza na watu waliolala. Majibu yote mawili nilikuwa nayo mfukoni, na nimewapa watu wengi. Lakini daktari aliponiambia nina uvimbe kwenye kizazi, unanimaliza damu, lazima uondolewe, niliuliza jambo moja tu: "Kwani lazima nusu kaputi?"

Nikaahirisha, nikaahirisha tena, hadi daktari akasema sasa tunacheza na uhai. Kisu hakikunitisha. Niliogopa ule usingizi wa dawa, ambao hata mama akikutikisa huamki, na Doto akiniita humo nani angenizuia? Kusema kweli kilichonitisha zaidi ni kwamba nilitamani aniite. Nilikuwa nimemkumbuka mno.

Basi nikalala. Nikajikuta jikoni kwa mama, nachambua mchele kwenye ungo. Mchele ukazidi kuwa mweupe, ukalainika vidoleni, na kumbe si mchele tena, ni pamba. Niko ndani ya lile ghala alilokuwa akililinda baba, ambamo tulikuwa tukijirusha utotoni hadi tunatoka na pamba puani. Pamba imejaa mpaka darini. Kuna joto zuri. Kwa mbali mashine ya kuchambua pamba inapiga du, du, du, polepole, na mdundo wake nausikia hadi mifupani. Sioni mlango, wala sioni haja ya mlango.

Doto yuko ubavuni mwangu, pamba imemfika kidevuni. Amenona kidogo. Ule uchovu wa miezi ya mwisho umemtoka usoni. Nakumbuka agizo la mama, nauma midomo, nangoja aniite.

Haniiti. Ananitoa pamba kwenye nywele, taratibu, huku akiimba puani wimbo usio na maneno. Nangoja. Hofu inapungua, na mahali pake panaingia uchungu. Kweli amekuja hadi hapa, amekaa karibu nami hivi, na jina langu hataki kulitaja? Nashindwa kuvumilia, nasema mimi.

"Doto, mbona huniiti?"

Anacheka, kile kicheko chake cha kunidhihaki. "Kwani wewe ulipotoka, uliniita?"

"Nilipotoka wapi?"

"Humu."

Natazama lile ghala la joto lisilo na mlango, nasikiliza ule mdundo usiokoma, na naelewa tuko wapi. Hapa tulikaa wawili kabla hatujauona uso wa mama. Siku moja niliondoka, nikamwacha peke yake, naye hakujua nilikokwenda.

"Nilidhani umekufa," anasema.

Nalia. Namwambia sikujua, nilisukumwa tu, na njia ya kurudi haikuwepo. Ananifuta machozi kwa kipande cha pamba, kwa upole ambao nilikuwa nimesahau kwamba upo duniani.

"Sikukulaumu. Nilikaa, nikamaliza wakati wangu, nikaja. Nikakukuta mzima, unapiga kelele tu."

"Na safari hii?"

"Safari hii wewe ndiye Doto."

Mashine ikanyamaza. Pamba ikawa shuka. Nilifumbua macho, dirishani kumeanza kupambazuka, na mama amekaa kitako kwenye mkeka ananitazama. Hakuwa amelala hata kidogo.

"Umemwona," alisema.

"Nimemwona, mama."

"Kakuita?"

"Hajaniita. Kasema safari hii mimi ndiye Doto."

Sijui ni nafsi yangu iliyosema nami, au ni Mungu, au ni pacha wangu mwenyewe kwa miguu yake. Mgonjwa akiniuliza leo nitamwambia sijui, na sitaona aibu. Ninachojua ni kwamba niliteremka kitandani bila kutetemeka, nikaanza kutafuta viatu vyangu vya kwendea hospitali.

Mama alibaki pale pale chini. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, ya kwanza niliyoyaona tangu tumzike Doto.

"Ulipozaliwa wewe, mkunga alidhani nimemaliza, hadi alipopapasa tumbo akamkuta mwingine," alisema. "Doto akakawia. Akakawia mno, hadi wakaanza kuninong'onea kwamba huyo wa pili hayupo tena. Kumbe alikuwa anajikalia zake."

Nilipiga magoti, nikamshika mikono. Alinitazama usoni muda mrefu, na najua alikuwa anatutazama wote wawili.

"Basi na wewe kawia, mwanangu," akasema. "Kawia sana."