Kidole cha Nyanya

Nilikuwa na mimba ya miezi saba na hamu ya kula udongo ilinishika kweli kweli. Toronto hii ina kila kitu, lakini udongo wa kula niliutafuta nikachoka. Basi kwenye maonyesho ya sanaa kule Parkdale nikakuta sanamu ya nyanya mmoja, ya udongo mwekundu usiochomwa. Kabla sijajijua nimeshamega kidole chake, natafuna.

Mlinzi akapiga kelele utadhani nimekula mtu. Msanii mwenyewe, mwanamke mweusi kutoka Jamaika, akaja mbio. Nikakunja uso, tayari kujibizana.

“Mtamu?” akaniuliza.

“Kama wa kwetu.”

Akamega kidole cha pili, akala.

“Huyu ni nyanya yangu,” akasema. “Mimba zake zote alikula udongo. Angekupa mkono mzima.”